Notisi Isiyo na Mpokeaji

Mwenye nyumba wangu ni mtu wa kupatikana sana. Siku ya kodi hunipigia simu alfajiri kunijulia hali, na hata ndugu zangu wa tumbo moja hawanijulii hali kwa bidii ya namna hiyo. Lakini tangu aliponusa kwamba ninataka kuhama, mtu huyo ametoweka duniani.

Mkataba wetu unataka anayeondoka atoe notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Kumwambia mtu ngazini kwamba mwezi ujao hutakuwepo hakuhesabiki, hata akikutakia heri, kwa kuwa heri haina tarehe wala saini. Basi nikaandika barua ya kistaarabu yenye jina langu, anwani ya nyumba ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeijenga, tarehe ya kuandika, tarehe ya mwisho wa upangaji na ombi la kuthibitishiwa kwamba imepokelewa. Sababu za kuhama sikuziandika, maana mkataba haukuziuliza, na kwa kuanzia bomba la jikoni linalovuja hadi jirani wa juu anayeburuta samani usiku wa manane, ingebidi niambatanishe daftari zima.

Kizungumkuti kimo katika kuhesabu siku. Unadhani mwezi unaanza siku ulipoandika, kumbe huanza siku barua ilipomfikia mwenyewe, na katika mikataba kama wangu ni lazima uishe pamoja na kipindi cha kodi. Barua ikifika siku moja baada ya kipindi kipya kuanza, unakuwa umejinunulia kipindi kingine kizima cha kusikiliza bomba. Sasa mtu ambaye faida yake iko katika kuchelewa kupokea, atapokea kwa pupa ya nini? Ujumbe niliomtumia kwenye simu ulifika, lakini zile alama mbili zilikataa katakata kugeuka buluu. Nikaipeleka barua nyumbani kwake kwa mkono. Mkewe aliisoma mpaka mwisho, akanisahihishia tahajia ya neno moja, kisha akanirudishia akisema mambo ya nyumba anashughulika nayo mzee mwenyewe. Hatimaye niliituma kwa rejista, ile ambayo mpokeaji hutia saini, naye akaitia saini mbiombio; nadhani alidhani ni hundi.

Baada ya hapo akafufuka. Mkataba unamruhusu kuwaleta watu waione nyumba mradi atoe taarifa mapema, na taarifa ya mapema kwake ni kubisha hodi huku ameshaingia. Mimi nina mswaki mdomoni, mgeni anafungua kabati la nguo zangu kupima kina chake. Mmoja, mama mwenye macho makali, aliuliza kama bomba la jikoni ni zima. Kabla sijatema povu, mwenye nyumba alilikaza kwa mikono miwili na kusema kwamba mpangaji huyu hana mazoea ya kufunga maji. Tone likajikusanya mdomoni mwa bomba, likavimba, likaning'inia kwa adabu zote mpaka wageni walipovuka kizingiti, ndipo likadondoka.

Kuhusu amana, nilipendekeza ihesabiwe kuwa kodi ya mwisho. Alikasirika kwelikweli, akanifundisha kwamba amana si kodi, ni dhamana ya uharibifu, na hapo, lazima niseme, alikuwa na hoja. Ila siku ya ukaguzi dhamana hiyo ikageuka kuwa bajeti yake ya rangi. Alisimama mbele ya tundu la msumari, akachomeka ncha ya kalamu ndani, akatikisa kichwa kwa majonzi ya daktari. Nikamtolea picha niliyoipiga siku ya kuingia, tundu likiwa palepale. Akahamia kwenye ukuta uliofifia karibu na dirisha. Nikamweleza kwamba huo ni uchakavu wa kawaida, ambao mpangaji haulipii, na kwamba aliyeufifisha ni jua, ambalo halimo katika mkataba. Mita ya umeme tuliisoma pamoja, nikaipiga picha yeye akiwa pembeni, ili namba zisije zikaongezeka nikishaondoka.

Zikabaki funguo, ambazo mtu hana budi kuzikabidhi kwa hati, la sivyo ataendelea kudaiwa kodi ya nyumba ambayo hata mto wake haumo tena. Akazihesabu mara mbili, akatangaza kwamba zilikuwa tatu na sasa anaona mbili, kwa hiyo kitasa kizima kitabadilishwa kwa gharama yangu. Nikamwambia wa tatu anao yeye. Akaniuliza nina ushahidi gani, nami nikamuuliza asubuhi ile, nilipokuwa bado bafuni na mlango umefungwa, aliingiaje.