Bunduki za Wakaliga na bunduki za mlangoni

Lawama ni ile ile: sinema za kupigana zinazotengenezwa Wakaliga, mtaa wa wanyonge hapa Kampala, zinawafundisha watoto kuua. Nimeisikia kwa wazazi, kwa mashehe, hata ndani ya teksi. Si maneno ya kupuuzwa. Kibanda cha video hakiulizi umri. Mwenye sarafu anaingia. Ndani ya sinema hizo watu wanaanguka kama maembe ya upepo wala hakuna anayezikwa, na hilo la mazishi linanikera hata mimi. Baraza la Habari likisimamia umri wa watazamaji, sitabisha.

Lakini hebu ziangalie bunduki zenyewe. Isaac Nabwana, mwongozaji wa sinema hizo, na wenzake huziunda kwa vyuma chakavu, kisha moto wa risasi unatiwa kwa kompyuta. Juu yake VJ, yule msimulizi anayetia maneno na mizaha juu ya sinema, anapayuka, anamtania kamanda, anamzomea jambazi. Katika nchi ambayo bunduki imetisha watu hadi Kiswahili hiki ninachokiandika kikaitwa lugha ya askari na wezi, kumcheka mwenye bunduki si jambo dogo. Nje ya kibanda nani anathubutu?

Kumbuka Mei 2023. Tarehe 2, Charles Engola, waziri mdogo wa kazi, aliuawa nyumbani kwake Kyanja na mlinzi wake mwenyewe, kwa silaha aliyokabidhiwa ya kumlinda. Siku kumi baadaye konstebo wa polisi akampiga risasi mkopeshaji pesa ofisini, katikati ya jiji. Walikuwa wanabishania deni la shilingi milioni mbili na ushei. Deni! Kila nikisikia sinema inashtakiwa, akili yangu inarudi kwenye hesabu ile. Konstebo alikuwa na deni, tena bunduki ilikuwa karibu na mkono wake. Sioni kibanda kilichangia nini hapo. Kamera ya ofisi ilinasa kila kitu, na video ikazunguka WhatsApp. Ile haikuwa na VJ. Watoto walioiona waliionea kwenye simu za watu wazima, pengine hao hao wanaotaka Wakaliga ifungwe.

Wapo wanaosema kicheko huyazoesha macho damu. Huenda. Ila mtoto akitoka kibandani anapita mbele ya supamaketi, na pale mlangoni mlinzi amesinzia kwenye kiti cha plastiki, bunduki mapajani. Hiyo haikuundwa kwa vyuma chakavu.