Bei ya Korosho Tunaijua, ya Mchezaji Ni Siri

Kuna kijana anachapa jezi karibu na Soko Kuu, hapa Mtwara mjini. Ana meza, pasi, mkasi na karatasi za herufi. Juzi nimempitia nikamkuta amekaa na rundo la jezi zenye jina moja mgongoni, namba moja, na wembe mkononi anabandua. Mwenye jina hilo hajahama klabu yake. Simtaji, mnamjua, ndiye huyohuyo ambaye kila dirisha la usajili likifunguliwa anasainishwa na watu ambao hawajawahi kukaa naye meza moja. Herufi zinatoka, lakini gundi inabaki, na ukiinua jezi kwenye mwanga jina unalisoma vizuri tu. Nani atanunua jezi yenye mzimu?

Nikamuuliza, sasa mwanangu, nani alikutuma? Akanionesha simu. Ukurasa mmoja wenye wafuasi kibao ulikuwa umeandika usiku kwamba jamaa ameshamalizana na mabosi, kilichobaki utambulisho tu, halafu chini yake picha ya ndege. Ndege! Mchezaji anaishi Dar, klabu anayodaiwa kwenda iko Dar, safari yenyewe bodaboda anaimaliza na chenji inarudi. Asubuhi chapisho limefutwa, na mwenye ukurasa ameshahamia kwa mchezaji mwingine. Hakuna samahani, hakuna chochote.

Wenzangu wananiambia ni utani wa mpira tu, usikaze fuvu. Mimi leo nakaza.

Tetesi zinavyopikwa wote tunajua. Mkataba wa mchezaji unakaribia mwisho, wakala wake anataka mshahara upande, anamnong'oneza mtangazaji kwamba kuna klabu ya Afrika Kusini au Morocco imeleta ofa. Mtangazaji anaitoa redioni kwa jina la "chanzo changu cha ndani". Jioni iko kijiweni Chikongola, watu na kahawa yao, na dau limeshapanda njiani bila kujulikana nani kalipandisha. Klabu inayotajwa haikanushi, maana jezi mpya zinakaribia kuingia sokoni na matawi ya mashabiki yamechangamka. Klabu yenye mchezaji nayo haikanushi, kwa sababu ikikanusha leo halafu kesho akaondoka, itazomewa. Kila mtu ananufaika na ukimya huo, isipokuwa jamaa wa wembe.

Ukibisha unapigwa na methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimeichoka. Kwa kipimo hicho hakuna mwongo tena nchi hii. Kila aliyedanganya atahesabiwa kuwa amesema kweli, amewahi tu. Na najua mtaniletea Clatous Chama, yule kiungo Mzambia wa Simba. Haya, nawapa Chama. Mwamba wa Lusaka alivumishwa kwenda Jangwani, kwa Yanga, tangu 2020, na Julai 2024 akaenda kweli. Katikati hapo alikwenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarudi Msimbazi, kwa Simba, Januari 2022, akacheza misimu, akafunga mabao, na waliokuwa wanatuambia "wiki hii haiishi" wakaendelea kutuambia hivyohivyo. Miaka minne ya kuambiwa kesho, halafu ilipofika wakajipongeza. Na Aziz Ki, kiungo wa Yanga wakati huo, je? Katikati ya 2024 alishauzwa mitandaoni kila kona ya Afrika, mwenyewe akasaini upya Yanga. Alipoondoka kweli kwenda Wydad ya Morocco mwaka 2025, walewale wakasema si tuliwaambia.

Sasa hasira yangu iko hapa. Katika kelele zote hizi kuna maswali mawili hayaulizwi kabisa: mkataba wake unaisha lini, na ameuzwa shilingi ngapi.

Ukilijua la kwanza, nusu ya tetesi zinakufa hapohapo. Kanuni za FIFA haziko mafichoni. Mchezaji anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukiwa umeisha au umebakiza miezi sita kwenda chini, na klabu inayomtaka inatakiwa iiandikie klabu yake kabla ya kukaa naye. Kwa hiyo ukiambiwa mtu mwenye mkataba wa miaka miwili "kamalizana na mabosi usiku wa manane", umeletewa tuhuma ya watu kuvunja kanuni. Sisi tunaipokea kwa vigelegele na kuisambaza kwenye magrupu.

La pili ndilo linaloniuma zaidi, na linaniuma kwa sababu mimi ni mtu wa huku.

Huku kwetu korosho ikiuzwa, kila mtu anajua imeuzwaje. Siku ya mnada bei ya juu na ya chini zinasomwa mbele ya wakulima, wanakubali au wanakataa, na jioni habari iko redioni na kila genge. Msimu wa 2024 bei ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, bibi wa Tandahimba asiye na simu janja aliijua kabla ya mwandishi wa Dar. Stakabadhi ghalani, mfumo huu wa kuuza korosho kupitia maghala na minada, ina matatizo yake, makato yasiyoeleweka na malipo ya kusubiri, sitaki kuipamba. 2018 tuliikataa bei hadi serikali ikaingia kununua yenyewe. Lakini tuliikataa kwa sababu tuliiona! Huwezi kugomea bei usiyoijua.

Haya, nitajieni mchezaji wa Ligi Kuu yetu ambaye mnajua kwa uhakika ameuzwa kiasi gani. "Dau nono." "Kitita." "Pesa ndefu." Hizo ndizo takwimu zetu. Emmanuel Okwi, mshambuliaji Mganda, tunamkumbuka kwa tarakimu: Januari 2013 Simba walimuuza Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, na tunaikumbuka namba hiyo kwa kuwa pesa haikuja, ikabidi wakimbilie FIFA. Tunazikumbuka pia milioni 112 za Feisal Salum, alizowalipa Yanga ili avunje mkataba wake, kwa kuwa nazo zilikuwa kesi. Yaani mpaka watu wafikishane kwenye kamati ndipo mwanachama anayelipia kadi yake ajue bei. Wasipogombana, hujui kitu mpaka unaingia kaburini na kadi yako.

Mtasema sisi Mtwara inatuhusu nini, wachezaji wao, pesa zao. Inatuhusu hivi. Mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya pesa hiyo inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Wanauita mchango wa mshikamano. Kila mwaka wa kati ya miaka 12 na 15 una asilimia 0.25 ya bei. Kila mwaka wa kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Chukua bei ileile ya Okwi. Klabu iliyokaa na kijana mwaka mmoja tu akiwa na miaka 17 inastahili dola 1,500, zaidi ya shilingi milioni tatu. Ikikaa naye misimu mitatu hapo, imepita milioni kumi. Timu ya huku inayochangishana nauli ya kwenda Masasi kucheza, ambayo kipa anaazima glovu za mpinzani, ipewe milioni kumi! Na hiyo ni kwa bei ya mwaka 2013.

Ila ili uipate lazima klabu iwe imesajiliwa, na huyo kijana awe ameandikwa kwamba alikuwa kwako, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Hapo ndipo tunapokufa.

Nina ndugu yangu analea timu ya vijana hapa mjini. Mtu wa watu, amewatoa vijana wengi, jioni yote yuko uwanjani na filimbi yake. Nilimwomba anioneshe kumbukumbu za wachezaji. Akatoa kaunta buku iliyolowa pembeni. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: Chidi, Mudi Fundi, Kipara, Messi wa Ligula, Messi Mdogo. Nikamuuliza, Kipara ni nani? "Si yule aliyekwenda Dar." Jina lake la cheti cha kuzaliwa? Akacheka. Alikuja kwako mwaka gani? Akakuna kichwa kidogo, akasema, "Ule mwaka wa mvua nyingi."

Tangu Novemba 2022 FIFA wana chombo chao mahususi cha kukusanya na kugawa pesa hizi, na kinachosomwa ni usajili uliomo kwenye mfumo wa elektroniki. Messi wa Ligula hayumo. Mudi Fundi hayumo. Siku Kipara akiuzwa Misri, klabu ya Dar iliyompokea akiwa na miaka 20 itakula fungu lake na hakuna atakayekumbuka aliyemfundisha kupiga pasi kwa mguu wa kushoto kwenye mchanga wa Shangani. Sisi tutakuwa kijiweni tunabishana atavaa jezi namba ngapi.

Hili linanitoa machozi ya hasira, sitanii. Redio zetu zinatoa saa nzima, asubuhi na jioni, kuchambua nani ameonekana uwanja wa ndege na kofia gani. Sijasikia kipindi hata kimoja kikimwelekeza kocha wa mtaani namna ya kumsajili mtoto akabaki na karatasi. Viongozi wa mpira wa mikoa na wilaya ukiwakuta, nao wanakuuliza, "Eti ni kweli anakwenda Simba?" Kiongozi wa mpira! Wewe ndiye ungetakiwa uwe na mafaili, unaniuliza mimi?

Upande wa mchezaji nitasema kwa kifupi. Feisal alianza kutaka kuondoka Yanga Desemba 2022, kamati ya shirikisho la soka ikasema bado ni mali ya Yanga, na miezi iliyofuata kijana wa watu hakucheza, akibaki kutukanwa na upande mmoja na kutumiwa na upande mwingine. Juni 2023 Rais Samia aliwakaribisha Yanga Ikulu, na palepale akawaomba walimalize. Siku chache baadaye akatambulishwa Azam. Mkataba wa ajira wa mtu mmoja ulifika Ikulu, na mashabiki tuliokuwa tunabishana hatukuwa tumeuona hata ukurasa wake mmoja.

Na wanaoweka mkeka wa kubeti kwa kusoma tetesi, sina neno. Pesa zao.

Kinachonishangaza ni kwamba Kusini tunayo timu ya Ligi Kuu. Namungo ilipanda msimu wa 2019/20, na msimu huohuo wa kwanza ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga. Msimu uliofuata ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Timu ya Ruangwa, Lindi! Ndanda yetu, Wana Kuchele, ilishuka mwaka huohuo wa 2020, na tangu hapo Mtwara hatuna timu ya kwetu Ligi Kuu ya kuujaza uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona. Mngetegemea basi Namungo tuibebe sote, wa Lindi na wa Mtwara. Wapi. Mshambuliaji wa Namungo akifunga mechi mbili mfululizo, habari haiwi mabao yake, inakuwa nani anamtaka kati ya Msimbazi na Jangwani, na wa kwanza kuisambaza ni sisi wenyewe wa huku. Tunamuuza kwa midomo kabla hajamaliza mzunguko wa kwanza, kijana naye anasoma, anaanza kucheza kwa kujibana asiumie kabla ya dirisha dogo la usajili. Kocha akimweka benchi, tunamtukana kocha.

Siwakatazi watu kuota. Dirisha bila tetesi lingekuwa limepooza, hilo nalikubali kwa shingo upande, na mimi mwenyewe Mayele, mshambuliaji wa Yanga, alipokuwa anatajwa kwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023 nilikuwa nafungua simu kila baada ya swala. Ninachotaka ni kidogo mno: klabu ikimtambulisha mchezaji iandike mkataba wake unaisha mwezi gani wa mwaka gani, na ikimuuza iseme bei. Mkutano mkuu wa wanachama upo, hesabu zinasomwa, mtu asimame aulize. Wanachama wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, wanasimama kila msimu kuuliza makato ya shilingi hamsini, na wengine wao hawakumaliza darasa la saba.

Wiki hii nilipendekeza kwenye grupu letu la WhatsApp, ambalo nusu ya watu wake wana mashamba Nanyamba na Tandahimba, kwamba kuanzia sasa anayeleta tetesi ailete pamoja na tarehe ya mwisho wa mkataba wa huyo mchezaji, la sivyo ifutwe. Admin akanijibu kwa sauti, akicheka, "Sasa mjomba, hapo si tutakaa bubu mpaka ligi ianze? Tutafanya nini Julai yote?"

Nikamwambia mikorosho inasubiri kupuliziwa salfa.