Daftari la michango lisubiri

Ni kweli kama alivyosema mwandishi wa makala ninayoijibu hapa: waamini Wakatoliki wa mijini wanajaza kanisa Jumapili, lakini jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya majirani wanaosali pamoja, zinabaki na akina mama wachache na watoto. Sababu ndiyo hakuigusa. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya kipaumbele mwaka 1976, walitaka majirani wasome Injili pamoja na kutunzana. Kwetu Injili inasomwa harakaharaka, kisha daftari linafunguliwa na majina yanatajwa moja moja: ujenzi, mavuno, zawadi ya paroko. Asiyekuwa nacho wiki ijayo haji.

Na bado, mtu akiugua jumuiya ndiyo inayojua kwanza. Mtaani kwetu kuna mjane aliyepooza. Wanajumuiya wanampikia na kumfulia kwa zamu, na mwenyekiti ndiye aliyempigia paroko simu aje kumpa Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu. Padre mmoja mwenye vigango kadhaa, yaani makanisa madogo ya parokia, angejuaje? Nawaomba maparoko wetu, michango itengewe siku yake, na sala ya jumuiya ya Jumamosi alfajiri isogezwe jioni ili vijana wa bodaboda na wenye vibanda vya genge nao wafike.