Hesabu ya elfu kumi: kuacha ofisi ukabebe mizigo Mwanza

Jamaa mmoja niliyesoma naye alikuwa karani wa ofisi hapa Mwanza. Mwaka jana akaandika barua ya kuacha kazi, akachukua pikipiki ya mkataba, na sasa anafanya delivari. Mama yake mdogo anasema kijana karogwa. Wenzake wa kijiweni Kirumba wanasema ndiyo kwanza kafumbuka macho. Mimi niliomba tu anitajie namba, nikashika kalamu.

Ofisini alikuwa analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Ukitoa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha kodi ya asilimia 8 kwa kinachozidi 270,000, zinabaki 352,800. Barabarani, siku nzuri anakusanya 30,000. Hapa ndipo vijana wengi wanapojidanganya: wanazidisha kwa siku 26, wanaona 780,000, wanaanza kuwacheka wavaa tai. Lakini humo 10,000 ni hesabu ya tajiri mwenye pikipiki, 8,000 mafuta, 4,000 chai na chakula cha mchana. Anabaki na 8,000. Kwa siku 26 ni 208,000, na bado hajabadili oili, tairi wala cheni. Tena hapo tumejifanya kwamba mwezi mzima hauna siku mbaya hata moja, na wala mvua ya masika hatujaigusa.

Basi mama mdogo kashinda? Kwa leo, ndiyo. Ila hesabu ya tajiri ina mwisho. Mkataba ni wa miezi 15. Ukiisha, kadi ya pikipiki inakuwa yake na ile elfu kumi inabaki mfukoni. Siku inampa 18,000, mwezi 468,000, na hapo karani kaachwa mbali. Ndiyo maana nikisikia watu wanabishana ofisi na barabara, nawauliza kwanza chombo ni cha nani. Mwenye pikipiki yake na wateja wa kudumu simshangai akiaga ofisi. Mwenye pikipiki ya mkataba kabadilisha bosi tu, na huyu wa sasa anadai kila jioni. Ukilala na homa siku tatu, hesabu inalala na wewe. Zikilimbikizana, tajiri anachukua chombo chake na yote uliyolipa yamekwenda. Na hata ukifika salama, unakabidhiwa pikipiki iliyopanda vilima vya Mwanza miezi 15, nayo itaanza kudai vyake.

Kuna mambo ambayo karani hayaoni mpaka ayakose. Mwajiri naye anamchangia NSSF asilimia 10. Akivunjika mguu kazini, upo mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ambao mwajiri ndiye anauchangia. Ile bima ndogo ya pikipiki inamlipa uliyemgonga. Mguu wako ni juu yako. NSSF inapokea waliojiajiri, lakini hapo michango yote inatoka mfukoni mwako, na nionyeshe kijana anayekumbuka uzee saa mbili usiku baada ya kumlipa tajiri.

Jumamosi moja nilikwenda naye. Tulichukua kilo 6 za sato Mwaloni, kwenye boksi la barafu, za mteja wa Mabatini. Samaki jamaa alilipia kwanza kwa hela yake, 72,000, kwa sababu muuzaji haachii mzigo bila hela. Barabara ikaishia kwenye mawe. Mteja alikuwa kaelekeza: "Panda, nyumba ya bati la bluu, juu ya jiwe kubwa." Vibao vya anwani vilivyobandikwa mwaka 2022 vipo, ila kibao kiko mlangoni na mlango uko kule juu. Akamwachia mama muuza mihogo pikipiki, boksi begani, maji ya barafu yanamtiririka mgongoni. Tulipofika mlango umefungwa, na simu ya mteja haipatikani. Dakika kumi nzima hakusema neno. Kumbe mteja alikuwa kwa jirani, anachaji simu. Akalipa samaki, na 4,000 ya kuletewa. Nilikuwa najiuliza: yaani kwa ajili ya 4,000 tu, samaki wa 72,000 wangemwozea mikononi?

Sasa nisiipambe ofisi. Huko alikotoka, mshahara wa mwezi ulikuwa unatoka "tarehe 45", na mara mbili haukutoka kabisa. Barabarani halali bila kushika hela. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, amepata pia mteja wa Sengerema, mzigo ambao zamani ungesubiri kivuko hadi faida iishie kwenye foleni. Karani hawezi kujiongezea mteja.

Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa papara. Angevumilia ofisini akiwa na pikipiki yake ya jioni na Jumamosi. Au angeingia kikundi cha vijana kikaombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao vijana wametengewa asilimia 4 na hauna riba. Hakuna uhakika wa kuupata, na vikundi navyo vina vituko vyake, lakini deni lisilo na riba si sawa na tajiri wa kila jioni.

Mkataba wake umebakiza miezi minne. Nilimwuliza kama anajuta. Akafunga boksi kwa mpira, akasema hilo swali nimletee mwezi wa tano kuanzia sasa, mkataba ukishaisha.