Mjerumani wa Koridoni

Lushoto, gesti yoyote yenye kuta za mawe na dohani haikosi Mjerumani wake aliyekufa. Niliyofikia mimi siitaji jina, maana bado nina hamu ya kurudi. Nyumba yake kuu ni ya enzi hizo hizo, sakafu ya mbao inalia kila ukikanyaga, na ina mzee wa zamu ambaye kazi yake halisi, nadhani, ni kusimulia. Ulinzi anaufanya akipata nafasi.

Ilikuwa Julai, baridi ya kung'ata masikio. Tulikuwa tumeuzunguka moto, mimi na kwaya moja iliyopanda kutoka Tanga, na mzee akaanzia mbali, kwa Mbegha. Mwindaji wa Nguu, aliyeota meno ya juu kwanza, ndugu zake wakasema huyu ni kigego, atatumaliza. Akawakimbia na mbwa wake na mikuki yake. Huku milimani akawaulia Wasambaa nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, nyama akaigawa bila choyo, mwisho akaua simba, wakampa ufalme pale Vugha. Kwangu mimi hiyo ndiyo hadithi, na ningekesha nayo. Lakini vijana wa kwaya walikuwa na haraka: "Mzee, tupe mzungu."

Mzee akavuta blanketi. Mji huu, akasema, Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm wa Pili. Joto la pwani na malaria vikiwazidi, wakubwa wao walipanda huku, mita kama 1,400 juu ya bahari, kupunga upepo. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, safari ikawa nyepesi zaidi. "Sasa mmoja wao alipanda, hakushuka. Mpaka leo anatembea humo koridoni." Aliyemuuliza jina la huyo mzungu akajibiwa kwamba mizimu haina vitambulisho.

Wakaenda kulala. Mimi nikaenda kuoga.

Maji ya moto ya pale yanatoka kwenye pipa linalokokewa kuni nyuma ya nyumba, na yalikuwa matamu mno. Nimejipaka sabuni kuanzia utosini, nimefumba macho, naimba hata mimi, na bomba likakohoa likanyamaza. Sekunde hiyo hiyo umeme nao ukaondoka. Nikasema sawa, nitavumilia. Ndipo kwenye mti nyuma ya dirisha akalia perere.

Ambaye hajamsikia perere asinicheke. Ni kinyama cha mitini, hakimzidi sungura kwa ukubwa, lakini usiku kinalia kama mtu anayenyongwa na ambaye bado ana maneno ya kusema. Nilifumbua macho kwa mshtuko. Povu lote likaingia.

Taulo nililopewa lilitosha kufuta miwani, basi nikapapasa kitandani nikavuta shuka, jeupe, nikajifunga. Nikabeba na ndoo ya bati niliyoikuta bafuni, nikatoka koridoni kwa kupapasa ukuta, macho yanawaka moto, kishikio cha ndoo kinagonga bati kila hatua. Nikabisha mlango wa kwanza nikaita kwa sauti iliyobaki: "Maji! Maji!"

Ndani kimya. Kisha sauti ya mwanamke: "Ushindwe!"

Nikahamia mlango wa pili. "Majiii!" Huko wakaanza pambio, tena kwa sauti nne. Mlango wa tatu ulifunguka kidogo, nikainua uso wangu wenye povu kuelekea mwanga wa tochi, nikapokea kandambili ya paji la uso na mlango ukafungwa. Perere naye huko nje akaitikia. Nilimsikia mzee wa zamu akija mbio, nikashukuru, halafu nikasikia mbio zile zile zikirudi zilikotoka.

Macho nilikuja kuyaosha kwa chai ya chupa iliyokuwa imebaki chumbani. Haikuwa na sukari, namshukuru Mungu.

Asubuhi mezani kesi ilikuwa imekwisha kusikilizwa, imebaki hukumu. Mzimu ni mrefu, uso mweupe pe, amevaa joho la kijeshi, anaburuta minyororo. Na analia nini? Maji Maji! Mwalimu mmoja wa historia, mpiga kinanda wa kwaya, akaweka kikombe chini. Haiwezekani, akasema. Vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi, kusini kabisa, Julai 1905, na dawa ya Kinjeketile Ngwale ilitoka Ngarambe; Usambara haikupigana vita vile. Mzungu wa Lushoto atayajulia wapi?

Meza ikanywea. Mimi nikaanza kupumua.

"Mwalimu," mzee wa zamu akasema taratibu, akimimina uji, "si alipigana huko kusini, akaletwa huku kupumzika? Wakubwa wao walikuwa wakipumzikia wapi?"

Mwalimu akafikiri. Akaona reli, akaona Mombo, akaona mwaka 1905. "Aisee," akasema, "inawezekana." Akatoa daftari. Sahani ya mzee ikaanza kupokea noti, na mimi nikaona ni aibu kutotoa, nikatoa.

"Na wewe kaka," mpiga kinanda akanigeukia, "hukusikia chochote?"

"Nilimsikia," nikasema. "Alipita mlangoni kwangu kabisa."

Mama mmoja mtu mzima wa kwaya akaniangalia macho, mekundu kama pilipili, akaona nimekesha kwa hofu. Akainuka, akanizunguka, akaniwekea mkono kichwani kuniombea. Maombi yalikwenda vizuri mpaka katikati, akanyamaza.

"Mwanangu, sikioni una nini humu?"

"Dawa, mama."

Akainama akanusa. "Dawa ya kunukia ndimu?"