Dakika ya Kimya Iwe Dakika Nzima

Mwishoni mwa Septemba 2018 nilikuwa katika ukumbi mmoja jijini Mwanza, kwenye mkutano wa wanachama wa chama cha kuweka na kukopa. Siku chache kabla, alasiri ya Alhamisi tarehe 20, kivuko MV Nyerere kilikuwa kimepinduka kikiwa kimebakiza umbali mfupi tu kutia nanga kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe, na waliofariki walikuwa zaidi ya 220. Mwanza ni mji ambao karibu kila mtu ana mtu wake Ukerewe, kwa hiyo mshereheshaji alipotuomba tusimame kwa dakika moja kuwakumbuka marehemu, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa makamo, mwenye magoti mabovu, ambaye ilimlazimu kwanza aweke mkoba chini, ajishike kwenye kiti cha plastiki cha jirani, kisha ajiinue taratibu. Aliponyooka na kurekebisha kitenge chake begani, sauti kutoka kwenye spika ikasema: "Asanteni, tunaweza kukaa."

Juu ya meza kuu ilining'inia saa ya ukutani, ile yenye mshale mwekundu wa sekunde, nami bila kukusudia nilikuwa nimeitazama tangu mwanzo. Zilikuwa sekunde 19.

Tangu siku hiyo nimekuwa na tabia mbaya ya kuangalia saa wakati wenzangu wameinamisha vichwa. Nimefanya hivyo kwenye mahafali, kwenye semina, kwenye vikao vya wazazi shuleni. Nimehesabu sekunde 15, nimehesabu 22, na mara moja tu nimefikia 40, kwa sababu kipaza sauti kilizimika na mshereheshaji alikuwa akikitafutia betri. Hoja yangu kwa hiyo ni ndogo, lakini nimeishikilia kwa miaka kadhaa sasa: tukiwaambia watu wasimame kwa dakika moja, wasimame kwa dakika moja.

Najua nitaambiwa kwamba kinachohesabika ni moyo, na kwamba marehemu hawatupimii muda. Sina ugomvi na hilo. Ila anayesema hivyo ajaribu siku moja kusimama kimya kwa sekunde 60 kamili katikati ya umati, na aone kinachotokea. Sekunde kumi za mwanzo ni za viti na viatu, za mtu anayezima simu na mwingine anayemnong'oneza mtoto anyamaze. Zinazofuata ni za aibu, kwa maana mtu hajui mikono aiweke mbele au nyuma, na anajiuliza kama anaonekana mwenye huzuni ya kutosha. Ni baada ya kuvuka nusu dakika ndipo mtu anapochoka kujitazama, na hapo, kama kuna marehemu wa kukumbukwa, hapo ndipo anapoingia. Anayetukatiza kwenye sekunde ya 19 anatutoa ukumbini kabla ya yule tuliyemsimamia hajafika.

Desturi hii haikuanza jana, na inaelekea imekuwa ikinyofolewa tangu ilipozaliwa. Mwaka 1912 Baraza la Seneti la Ureno lilikaa kimya dakika kumi kumheshimu Baron wa Rio Branco, mwanadiplomasia wa Brazil aliyekuwa amefariki. Miaka sita baadaye, huko Cape Town, meya Harry Hands aliamuru mji usimame kila siku saa sita mchana, kwa ishara ya mzinga uliopigwa kutoka Signal Hill, ili kuwakumbuka waliokuwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Siku ya kwanza, tarehe 14 Mei 1918, zilikuwa dakika tatu, na mara zikaonekana nyingi, zikapunguzwa kuwa mbili. Percy FitzPatrick, mtu wa Afrika Kusini ambaye vita vilikuwa vimemnyang'anya mtoto wake wa kiume mwishoni mwa 1917, ndiye aliyepeleka wazo hilo London, na Mfalme George wa Tano akalitangaza kwa himaya yake yote, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza saa tano asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1919. Kumi, tatu, mbili, sisi tukarithi moja, na mshereheshaji wetu wa Mwanza akatupa sekunde 19.

Vita hivyo vilivyozaa desturi hii vilipita pia kwenye mashamba ya babu zetu. Wachukuzi waliobebeshwa mizigo ya majeshi katika Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, midomo yetu ikaligeuza kuwa Kariakoo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi ya Kiswahili chini yake, na kila siku maelfu ya watu huipita wakikimbilia daladala. Sidhani kwamba mzinga ulipolia Cape Town kuna aliyemfikiria mchukuzi aliyefia kando ya Rufiji na gunia la unga kichwani. Hilo halinifanyi niione desturi hii kuwa ya wenyewe. Linanifanya nione kwamba tuna deni la zamani ndani yake.

Kariakoo hiyohiyo, asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilianguka wakati wa biashara. Kwa siku kadhaa waokoaji walikuwa wakiwasiliana na watu walionaswa chini, wengine wakatolewa wakiwa hai, na zaidi ya 20 wakafariki. Yeyote aliyewahi kusogea karibu na kazi ya kufukua kifusi anaijua amri inayotolewa pale: mitambo izimwe, watu wanyamaze. Kimya cha pale ni kifaa cha kazi sawa na koleo na jeki, kwa sababu bila hicho hutasikia anayegonga bomba kwa jiwe kutoka chini.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunakijua kimya cha namna hiyo kwa uchungu. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, tumbo lake lilibaki juu ya maji kwa muda, na kutoka ndani ikasikika sauti ya watu wakigonga chuma. Bati likatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama na wengi waliokuwa ndani. Wazee wanaosimulia habari ile huanza na mengi, kuhusu shehena ya ndizi, kuhusu tikiti, kuhusu abiria waliozidi, lakini huishia kwenye sauti ya kugonga. Makaburi ya wengi wa waliokufa yapo Igoma, jijini Mwanza. Na kwenye MV Nyerere, miaka 22 baadaye, wazamiaji walimkuta mhandisi mmoja akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka, siku ya pili baada ya ajali, wakati nchi ilikuwa imeshaanza kuhesabu maiti.

Ninaposimama kimya ukumbini, basi, hicho ndicho ninachojaribu kufanya, kutega sikio. Naona ni kazi ya heshima zaidi kuliko kuinamisha kichwa kwa ajili ya picha.

Wapo wanaosema kwamba kunyamaza si mila yetu, na kwa kiasi kikubwa wana haki. Msiba wetu una sauti. Kuna vilio vya akina mama getini, kuna khitma, kuna rozari, kuna kwaya inayoimba hadi usiku wa manane chini ya turubai. Wapo masheikh wanaofundisha kwamba kusimama kimya kwa ajili ya maiti hakuna msingi katika dini, na ninawaheshimu wanaofuata mafundisho hayo. Nimewaona wengi wakisimama pamoja nasi huku midomo yao ikisoma Fatiha polepole, na hakuna aliyewaona kuwa wamekosea. Lakini tusisahau kwamba hata kwetu, mtu akishaingia kwenye nyumba ya msiba na kusema pole, huketi tu mkekani kando ya mfiwa bila neno, wakati mwingine saa nzima, na kuondoka kwake ndiko kutakakokumbukwa kama ameondoka mapema.

Katika ukumbi wenye Waislamu, Wakatoliki, Walutheri, Wasabato na wale wanaotegemea mizimu ya kwao bila kuwaambia watu, kimya ndiyo ibada pekee isiyo na kiongozi. Kila mmoja anakijaza kwa chake. Ndiyo maana inanikera mshereheshaji anapokatiza haraka na kutia muhuri, "Mwenyezi Mungu azilaze roho za marehemu mahali pema peponi," tukaitika amina kama darasa la kwanza. (Na tufikirie kidogo jina la kazi yake. Neno mshereheshaji limebeba sherehe ndani yake, na bado ndiye tunayemkabidhi wafu wetu. Si kosa lake. Kazi yake ni kuhakikisha hapatokei kimya.)

Kisingizio kikubwa ni ratiba. Mgeni rasmi ana haraka. Lakini katika mkutano uleule wa Mwanza, kabla hatujafika kwa marehemu, tulikuwa tumetambulishwa meza kuu mtu mmoja mmoja, kila mmoja akapungiwa na kupigiwa makofi, na wasemaji watatu mfululizo wakaanza kwa kuwataja wakubwa wote waliopo na kumalizia kwa "itifaki imezingatiwa". Hapo hakuna aliyeangalia saa. Nchi inayoweza kutumia robo saa kusalimia meza moja haiwezi kuniambia kwamba sekunde 41 zilizobaki ni ghali.

Mahali ninapoona jambo hili likifanywa vizuri zaidi ni uwanja wa mpira, ajabu ya mambo. Wachezaji husimama kulizunguka duara la katikati, refa hupiga filimbi, na refa ana saa mkononi. Filimbi ya pili ikilia, unajua hukupunjwa. Hata vuvuzela moja la mlevi kule jukwaa la mzunguko haliharibu kitu, kwa sababu watu elfu kadhaa wanaolizunguka wanalitazama kwa macho ambayo mwenyewe anayaelewa. Uingereza mara nyingi siku hizi hubadilisha kimya hicho na kupiga makofi, sababu mojawapo ikiwa hofu kwamba mashabiki wa upande wa pili watazomea. Naomba tusifike huko.

Lingine ambalo ningependa liongezwe ni maneno machache kabla ya kusimama, badala ya baada. Tuambiwe nani, wapi, lini na wangapi. Japani, kila tarehe 11 Machi, hunyamaza saa nane na dakika 46 mchana, dakika ileile ambayo tetemeko la mwaka 2011 lilianza, kiasi kwamba saa yenyewe inakuwa sehemu ya kumbukumbu. Nairobi, kwenye bustani ya kumbukumbu ya waliouawa katika shambulio la tarehe 7 Agosti 1998, majina yameandikwa ukutani, na anayesimama pale ana cha kusoma wakati amenyamaza. Sisi husimamishwa kwa ajili ya "ndugu zetu waliotangulia mbele ya haki", mafungu yote kwa pamoja, wa kivuko, wa basi na mjumbe aliyefariki kwa kisukari, na kabla hujachagua wa kuanza naye, umeshakaa.

Mwaka jana walinipa mimi nafasi. Kikao cha ukoo, watu kama 60, na kwa kuwa wananijua kwa kelele zangu, mjomba akasema safari hii atusimamishe huyuhuyu. Nilitaja majina matatu na tarehe zake, nikaomba tusimame, nikawasha kipima muda cha simu. Kwenye sekunde ya 25 mtu alikohoa. Kwenye 38 mjomba alifungua jicho moja kunitazama. Kwenye 50 ukimya ulikuwa mzito hadi tulisikia kuku akiparua nyuma ya jiko, na shangazi yangu, ambaye hakuwa amelia siku ya mazishi, akaanza kulia taratibu bila sauti. Nilingoja hadi 60, nikasema tukae.

Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipogundua kwamba mimi mwenyewe sikumkumbuka yeyote kati ya wale watatu. Nilikuwa naangalia simu. Safari ijayo nitampa mtoto mmoja ashike saa, na mimi nitasimama kando ya shangazi.