Barafu ya Baba Mkwe

Soko la Kadutu, hapa Bukavu, hakuna mama atakayekuuzia vijiti viwili vya persili. Anakupa fungu zima, na wewe mchuzi wako wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, unataka majani kiganja kimoja tu. Yanayobaki, keshokutwa ni manjano, siku ya nne ni uji.

Nilihangaika nayo sana. Niliyaosha nikayafunga mfukoni yakiwa bado na maji: yakaoza upesi zaidi. Niliyasimamisha kwenye glasi ya maji, yakakaa vizuri juma zima, ila mke wangu akasema meza imekuwa kama kaburi. Nikayaanika juani, harufu ikavuka mto Ruzizi kwenda Rwanda bila hata jetoni, ile karatasi ya kupitia mpakani.

Mwisho nikapata mbinu. Unakatakata persili, unachanganya na kitunguu saumu kilichotwangwa na mafuta kidogo, unashindilia kwenye vijumba vya barafu, unaongeza maji, unagandisha. Ukikaribia kuepua sufuria, unadondosha kipande kimoja. Nilijiona mhandisi.

Jumapili baba mkwe akatoka Walungu na wazee wawili. Walipanda kilima chetu kwa miguu, pikipiki zilikataa matope, wakafika wanatweta. Nikamwita mdogo wangu: “Leta juisi ya marakuja, na barafu!” Nikaendelea kuuliza habari za ng'ombe.

Mzee akapiga funda moja. Akanyamaza. Akainua glasi kwenye mwanga wa dirisha: majani yanapanda na kushuka, macho ya mafuta yanazunguka juu, na kitunguu saumu kimeshajaa sebule nzima.

Sasa, mtu wa Bukavu akiona glasi ya namna ile, kuna neno moja linalomjia kichwani: karuho, sumu ya kutiliwa. Hakuna aliyelitamka. Mzee aliweka glasi chini taratibu, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

“Mkwe, onja kwanza weye.”

“Papa, ni persili tu.”

“Persili inatafuta nini mu marakuja?”

Swali lilikuwa zuri, na jibu langu refu la vijumba na firigo lilizidi kuniharibia. Nikanywa. Yote. Nilipoishusha glasi, wale wazee wengine nao walikuwa wameshasukuma zao. Tatu! Jikoni nasikia mke wangu ameziba mdomo kwa kitenge, sufuria zinagongana kwa kicheko chake.

Wakakaa wananitazama kama saa moja hivi, wakingoja nianguke. Nilichofanya ni kucheua tu. Hapo ndipo mzee akakubali chai, na baadaye bugali na sambaza. Alikula vizuri kweli, akaongezewa, akalamba vidole.

“Binti yangu, huu mchuzi unanukia. Umetia nini?”

“Persili, Papa.”

Mzee akaitazama sahani. Akanitazama mimi. Halafu nikakiona kile kidole kinatoka.